Masikio ya Bayingana

Mwaka mzima Bayingana alijipatia riziki mjini Kigali kwa kuwauzia wamama wa kwaya vichupa vya mafuta ya kuondoa tamaa ya kujichonga uso kwa upasuaji. "Kazi ya Mungu haina marekebisho," aliwaambia kwa Kiswahili laini cha mtu aliyekulia Mwanza, na vichupa vikatoka. Ila Jumanne moja, pale Remera, mteja wake mwaminifu kuliko wote alimvuta pembeni, akatazama kushoto na kulia, akamuuliza kama anamfahamu daktari wa kuondoa mikunjo.

Hapohapo Bayingana akabadili msimamo. Kufikia jioni alikuwa wakala wa daktari bingwa wa Istanbul ambaye hakuwahi kuzaliwa, na stetasi yake ya WhatsApp imejaa picha. Kabla: mama mwenye mikunjo. Baada: mama yuleyule, uso mwororo. Picha zenyewe alizinunua kwa mpiga picha wa sherehe za mahari. "Kabla" alikuwa mama mtu, "baada" ni bintiye. Damu ni damu, wanafanana, na advansi ya mteja hairudi.

Tusimhukumu haraka, alikuwa na shida ya halali. Alitaka kumwoa Kaliza, mwalimu wa chekechea, na ukoo ulitaka thamani ya ng'ombe wawili. Ng'ombe hao alikwisha kuwapata kwenye nyuso za watu. Kilichomsumbua ni masikio. Kaliza alimsimulia kwamba shangazi yake, alipoonyeshwa picha, alisema, "Huyu masikio yataingia kwanza, mwenyewe atafuata." Kaliza alicheka kwa mapenzi. Bayingana aliumia, na tangu siku hiyo akawa anapita mbele ya vioo vya maduka akiwa ameinamisha kichwa.

Basi akaja mteja kutoka Niboye, Mama Pudentienne: mikunjo tele, miwani mikubwa, kitenge cha maua, doa jeusi juu ya mdomo, sauti ya kukwaruza.

"Daktari yako iko wapi?"

"Istanbul, mama, lakini mkono wake unafika hapa."

"Mimi nilisema kujichonga ni dhambi."

"Hata mimi, mama. Tulikuwa gizani."

"Na dhambi iliisha lini?"

"Bei iliposhuka."

Mama akatoa elfu hamsini, akadai risiti, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili akarudi. Miwani ileile, doa lilelile, kitenge kilekile, sauti ileile ya kukwaruza. Uso tu ndio ulikuwa wa miaka ishirini na mitano.

"Mama Pudentienne?" Bayingana akasimama bila kujua kama amesimama.

"Rudisha pesa yangu, sha. Nimechoka kungoja wako, nimepata mwingine. Iko anapita tu, pale Kibagabaga. Jumamosi anapanda ndege."

Bayingana, ambaye hakuwahi kurudisha hata faranga moja tangu aanze kazi, alirudisha elfu hamsini kwa mikono miwili. Kisha akakohoa.

"Mama, huyo daktari... anashika na masikio?"

Mama akalitazama sikio la kushoto, akazunguka meza, akalitazama la kulia. Safari ilichukua muda.

"Anashika. Laki saba na nusu, yote mawili. Lakini hapokei pesa ya mtu hajui. Inapita kwangu."

Maneno hayo Bayingana aliyasema mwenyewe kila siku ya Mungu. Lakini mjanja akishikwa na tamaa, ujanja huenda likizo. Akatuma kwa simu thamani ya ng'ombe mmoja mzima. Ijumaa, kwenye nyumba aliyoelekezwa, alimkuta dada anaanika mashuka, hajawahi kumsikia daktari yeyote. Namba ya mama haikupatikana. Na angemshtaki nani, akaulizwa pesa ilitoka wapi?

Siku ya mahari ikafika na ng'ombe mmoja. Wasemaji wa pande mbili wakataniana kama ilivyo desturi, hadi msemaji wa wenyeji akauliza, "Mbona wa pili hatumwoni?" Msemaji wa Bayingana akaanza hotuba ndefu kuhusu ukame.

"Mwacheni," sauti ya kukwaruza ikatoka upande wa akina mama. "Wa pili nilimpokea mimi."

Akainuka Pudentienne na mikunjo yake yote. Pembeni yake akainuka uso uleule, bila mkunjo hata mmoja.

"Mimi ni shangazi ya Kaliza. Huyu ni Connie, binti yangu, doa tulichora na wanja. Bwana mkwe, yule 'kabla' yako ni jirani yangu, na 'baada' ni msichana wake. Kwa mahari yao mimi nilikaa meza moja nao."

Aibu ilimshika Bayingana mpaka masikio yakawaka, na yalikuwa na nafasi ya kutosha ya kuwaka.

"Huyo ng'ombe amerudi kwa wamama wa kwaya, ni mali yao," Pudentienne akaendelea. "Na huyu umeleta leo atamfuata. Ukoo huu haupokei ng'ombe ya wizi. Kaliza amesema atakungoja mwaka moja, ulete ya jasho. Na masikio yaje hivihivi. Ukichonga, hakuna ndoa."

Siku hizi Bayingana anaendesha pikipiki ya abiria, na kofia inambana masikio kutwa nzima. Abiria wakigusia upasuaji wa urembo, ana msimamo: kazi ya Mungu haina marekebisho. Anausema bure, hadai hata ya kichupa, na jioni anahesabu akiba ya mahari, kwato moja baada ya nyingine. Bado hajafika kwenye goti la ng'ombe wa kwanza.