Mmenimalizia Vita Bila Kuniuliza

Kwa Mhariri wa Habari,
Redio Roshani,
Embakasi.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu ambaye hadi juzi alikuwa amiri jeshi na leo ni mpangaji tu.

Mimi naitwa Shitanda, karani mstaafu wa stoo, mkaazi wa orofa ya tatu katika ploti moja hapa Tassia. Ninaandika kulalamika rasmi kwamba kituo chako kimemaliza vita vyangu. Sikuwa nimeomba. Vita vilikuwa vinaendelea vizuri na tulikaribia kushinda, lakini kwa siku nne za matangazo yenu mmeniachia amani ambayo sijui niiweke wapi.

Huenda wenzako hapo ofisini hawajui chanzo, kwa hiyo nieleze. Tulipigania kamba za kuanika nguo. Juu ya paa letu, kamba za upande mmoja zinapata jua tangu asubuhi, na za upande wa pili zimefunikwa na kivuli cha jumba la jirani, ambalo mwenyewe anaendelea kulipandisha mpaka naona ana nia ya kuhamia mawinguni. Orofa ya nne, ikiongozwa na Bwana Mwangangi, mchonga vinyago, iliteka kamba za jua kwa hoja kwamba wao ndio walio karibu na paa. Kwa hoja hiyo, mtu wa orofa ya chini angemiliki barabara. Nikakataa. Na usidhani yalikuwa mambo ya kabila. Tungeona haya kupigana kwa sababu ya kizamani namna hiyo.

Mimi na Mwangangi tulihamia hapa mwaka mmoja, na kwa miaka mingi tulicheza drafti kwa vifuniko vya soda, hapo hapo juu ya paa. Nasema hili ili uone uzito wa haki yangu. Mtu haachi drafti ya jioni kwa jambo dogo.

Vita vilipoanza, kundi la WhatsApp la ploti nzima lilivunjika, kila upande ukafungua lake. Letu tuliliita Haki ya Jua. Lao silijui jina, kwa sababu hakuna wa kwetu aliyeruhusiwa kuingia. Kila asubuhi nilituma taarifa ya vita. Sikuwahi kuandika uongo. Niliandika tu yale yaliyotupendeza. Walipoangusha nguo zetu, tuliangusha zao. Walipotuchokoza kwa kuimba jioni tatu mfululizo, tuliwajibu kwa mpini wa ufagio darini mpaka rangi ikabanduka. Mambo yalikuwa mazuri. Ndipo mkamtuma mwandishi wenu Elsie na kinasa sauti chake.

Sasa malalamiko yenyewe.

La kwanza. Huyo Elsie nilimpa chai, mkate na mahojiano marefu. Nilimweleza historia tangu kamba ya kwanza ilipofungwa. Nilimwonyesha ramani niliyoichora juu ya katoni. Hewani mlitumia sauti yangu kwa muda wa mtu kukohoa. Badala yake mkamweka Koki wa orofa ya chini, mfanyakazi wa kiwandani, ambaye katika vita hivi hakuna aliyemuuliza chochote. Akasema, "Mimi sina upande, dada. Hata sijui nani alianza. Nataka tu soksi zangu zikauke." Ndugu Mhariri, hiyo si hoja. Haina historia wala ramani. Mkairusha kila saa, na kufikia jioni watoto wa mtaa mzima walikuwa wananiuliza habari za soksi.

La pili ni maoni ya umma. Kabla ya matangazo yenu, maoni ya umma yalikuwa upande wangu yote. Nilikuwa nimeyapima mimi mwenyewe ndani ya Haki ya Jua. Mlipofungua simu, walipiga watu wa Njiru. Mtu wa Njiru ana ua mzima wa kuanikia, anaingiaje hapa? Akapiga mmoja wa Dandora akasema amekulia karibu na jaa la taka na bado hajaona uchafu kama huu wetu. Keshoye nikaenda kwa Kweyu, kinyozi wangu. Alininyoa upande mmoja, akazima mashine, akaniambia, "Mzee, hii vita yenu inaisha lini? Maze mnatuaibisha." Nilikaa na nusu kichwa, na watu kwenye benchi walikuwa wananitazama. Mnachofanya nyinyi si kuhabarisha. Mnamzingira mtu.

La tatu nimeliondoa. Lilimhusu mke wangu, Nasambu, naye amepita nyuma ya kiti changu nikiliandika.

La nne, mna ubaguzi. Redio yako hiyo hiyo husoma kila saa habari za vita vikubwa vya dunia. Mnataja mabomu, mnataja wakimbizi, sisi jikoni tunaacha kutafuna, na vita vinaendelea kama kawaida. Vyangu, vyenye mabeseni na ufagio mmoja, mkavimaliza kwa siku nne. Kwa nini mnajifunzia kwetu sisi wadogo? Nimelifikiria sana jambo hili, kwa kuwa siku hizi nina nafasi. Naona wale wakubwa hawana kinyozi wa mtaani. Hawapangi foleni ya maji nyuma ya Koki. Aibu haiwafikii huko waliko, au ikifika inazuiwa na askari wa getini. Mimi ilinikuta kwenye ngazi, ikanikuta kwa mama mboga, ikanikuta kanisani tulipoambiwa tugeuke tusalimiane. Tafadhali nendeni mkawatafutie wale kinyozi, mniache mimi.

La tano ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya nne Elsie alimpigia Mwangangi simu katika kipindi cha asubuhi, amuulize masharti yake ya amani. Nilikuwa nimeongeza sauti ya redio mpaka mwisho na kufungua mlango, ili orofa yangu yote isikie adui akijichongea. Mwangangi akasema, "Kamba achukue tu, zote. Mama yangu alifariki mwezi wa tatu. Tulikuwa na maombi hapa kwangu jioni tatu. Shitanda anakaa hapa tu chini yangu na hakupanda. Alitugonga kutoka chini na ufagio."

Sikujua, Ndugu Mhariri. Tangazo la msiba lilitumwa katika kundi lao. Katika kundi letu, siku hizo, kulikuwa na taarifa yangu kwamba adui ameanza kutumia nyimbo za kanisa kama silaha, na kwamba amejibiwa ipasavyo. Watu waliiwekea dole gumba. Yule mama alikuwa akija kutoka Mwingi kila baada ya mavuno, na kabla ya kufika kwa mwanawe alipumzika kwangu, kwa sababu ya ngazi, akaniachia mfuko wa ndengu. Nilisikia aibu. Nilizima redio, na nyumba nzima ikawa inaniangalia.

Lalamiko langu ni kwamba jambo kama hilo mtu huambiwa nyumbani kwake, kwa sauti ya chini. Hasikilizishwi pamoja na Embakasi nzima, katikati ya tangazo la sabuni na la mafuta ya kupikia. Nasambu anauliza ni nani angekuja kuniambia, ilhali nilikuwa nimeweka mlinzi kwenye ngazi. Hilo ni swali lake, mimi siliingizi katika barua hii.

Matokeo yake ni kwamba jeshi langu liliasi asubuhi hiyo hiyo. Walipanda juu bila amri, mke wangu akitangulia na sufuria. Mimi nilibaki chini karibu saa nzima kwa heshima ya cheo. Baadaye nikapanda. Mwangangi alifungua, akanitazama, akasema, "Ingia, chai inapoa." Nilisema pole. Hakuna mkataba uliotiwa sahihi. Mshindi hakutangazwa. Ni vita gani vinavyomalizika hivyo?

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, ninadai mambo haya yatekelezwe mara moja:

(a) Mtangaze kwamba amani iliyotokea Tassia ilitokana na hitilafu ya mitambo.

(b) Mahojiano yangu yarushwe yote bila kukatwa, na ramani isomwe kwa maneno.

(c) Maoni ya umma yaondolewe kwenye ngazi zetu, kwani yanazuia njia.

(d) Nirudishiwe vita vyangu. Ikishindikana, nipewe vingine vya ukubwa huo huo. Nimesikia ploti ya tatu kutoka kwetu wana mgogoro wa jogoo. Ninaweza kuanza Jumatatu.

Nisipojibiwa katika wiki moja nitalipeleka suala hili kwenye kituo kingine cha redio. Watalitangaza asubuhi na jioni, wananchi watapiga simu, na wewe utasikia uchungu wa kulazimishwa na watu usiowajua hata ukubali. Dawa hiyo sasa ninaijua vizuri.

Wasalimie wote hapo kituoni, pamoja na mlinzi wa mlangoni na bibi wa utabiri wa hali ya hewa, ingawa alituahidi jua mara nyingi katika kipindi chote cha mapigano na hakulileta.

Ni mimi niliyepokonywa vita,

Shitanda,
Orofa ya Tatu, Tassia.

Tanbihi: Jumamosi msimtume Elsie kuja kuhakikisha, hatutakuwepo. Orofa ya tatu na ya nne tunakwenda Mwingi pamoja kuweka msalaba kaburini. Mwangangi ameuchonga mwenyewe, na ameniomba mimi niseme maneno kwa niaba ya majirani. Nakuomba mtangaze hewani, asubuhi na jioni, kwamba basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, maana makundi yetu ya WhatsApp siyaamini tena kumfikishia mtu habari. Yale mengine yote niliyodai yaacheni. Jina la mama ni Kathini. Mlitamke taratibu.