Kijitabu Chenu na Friji Langu la Sebuleni

Ndugu Mkurugenzi wa Takwimu za Nishati,

Natumaini hujambo na kwamba umeme haujakatika hapo ofisini. Mimi ni mpaka rangi wa nyumba, na mtaani naitwa Mtaalamu. Jina hilo nililipata kwa kusoma taarifa zenu za mwaka kwa sauti, enzi ambazo hakuna aliyezielewa, nami nikiwemo. Sasa mmetoa kijitabu cha kufafanua maneno ya nishati kwa lugha nyepesi. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Umeme tulionunua ukiisha mapema, nilikuwa navaa miwani na kutamka "upotevu wa mfumo". Nyumba nzima ilinyamaza kwa heshima. Mmeandika kwamba huo ni umeme unaopotea njiani, kabla ya kufika kwenye mita. Binti yangu ameniuliza, kwa adabu zote, mita yetu inahusikaje.

2. Mmetenganisha nguvu na nishati. Nani aliwatuma? Mama mkwe, tunayeishi naye, anapenda chai. Nililaumu birika lake la umeme kwa sababu lina namba kubwa ya wati kitakoni, hata akahamia uani kuchemshia maji kwenye jiko la mkaa. Ninyi mnasema namba ile ni kasi ya kula tu, tuangalie na muda wa kula. Birika hula dakika chache likanyamaza. Friji langu kuukuu la sebuleni, lililolegea mpira wa mlango, hula kutwa kucha. Mke wangu alisoma ukurasa huo, wa nne, mara mbili, akalitazama friji, kisha akanitazama mimi.

3. Familia imeamua friji liuzwe. Mle ndani mna soda zangu na heshima yangu.

Kwa hiyo naomba kijitabu kikusanywe chote, maneno yatiwe ugumu upya, na ikiwezekana grafu zilizomo zipinduliwe.

Nisalimie wote hapo, hata aliyeandika ukurasa wa nne, ingawa simtaki machoni.

Wako mtiifu,
Mtaalamu

Tanbihi: Nikifunga bahasha, mama mkwe ameniletea chai ya moto kutoka kwenye birika lake. Nimeona haya, nikaenda kulichomoa friji mwenyewe. Tafadhali tuma nakala nyingine, maana ya kwetu mama mkwe ameondoka nayo kwenda kumsomea jirani, ambaye bado analaumu pasi ya mkewe. Na jina hapo juu likateni. Siku hizi mtaani anaitwa hivyo mama mkwe.