Matuta ya Mtani

Jumatatu, 13 Januari 1975

Wiki ya kwanza ya chuo imekwisha na nimekasirika tangu siku ya pili. Nilikuja kusomea ualimu, nimepewa jembe! Mwalimu Ngollo wa shamba kasema mwanachuo wa mwaka wa kwanza asiyetimiza matuta ishirini ya viazi kufikia Jumatatu ijayo atarudishwa kwao na barua. Kwetu ni Cheyo, mtaa wa hapo mjini tu. Baba keshawalisha watu pilau kwa ajili ya chuo changu. Nikirudi, ni kushona vifungo dukani kwake mpaka nizeeke.

Nina matuta mawili. Ngollo anasema moja ni kichuguu.

Selemani, anayelala kitanda cha juu yangu, ana kumi na moja. Mzaramo! Mzaramo wa Kisarawe anamshinda Mnyamwezi kwa jembe, tena Unyamwezini! Kanishauri nizoee taratibu, nishike mpini chini kidogo. Nani kamuuliza?

Alhamisi, 16 Januari

Nimepata dawa yake. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani. Mtani huchukua cha mtani, na mwenye mali haruhusiwi kununa. Akinuna, analipa faini. Basi alfajiri nimeng'oa vibao vya jina lake kwenye matuta kumi na manane, nikachomeka vyangu. Ishirini kamili! (Kichuguu nimekihesabu.)

Kanuna? Wapi! Kacheka mpaka kashika ukuta, akasema haya mtani, umekula, akaenda kuanza upya. Imeniudhi mno. Kurudi bwenini, blanketi langu halipo. Kajifunika yeye. Nikamwambia utani una mipaka. Akauliza mipaka hiyo kaiweka nani.

Jumamosi, 18 Januari

Balaa! Ngollo kapita na kamba ya kupimia, kasifu matuta yangu mbele ya darasa zima. Eti huyu ndiye Mnyamwezi! Jumatatu niwaonyeshe wazee wa kijiji cha Ntalikwa namna ya kupiga tuta. Mimi!

Selemani kajitolea kunifundisha kesho, siku nzima. Nifundishwe jembe na Mzaramo? Thubutu! Nimefunga kitambaa mkono wa kulia. Nitasema nimeteguka.

Jumatatu, 20 Januari

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Ngollo kanionea huruma: nielekeze kwa mdomo, Selemani alime. Nikaelekeza. Na yule mshenzi akafuata kila neno! Nikasema vuta udongo huku, akavuta huku. Nikasema ongeza, akaongeza. Tukapata shimo. Bibi mmoja, Apolinaria, alicheka hadi akakaa chini, akauliza tunamzika nani.

Ngollo akafungua kitambaa. Mkono mzima, laini, hauna hata sugu. Akauliza yale matuta mazuri ni ya nani. Nikaiona barua. Nikaviona vifungo.

Selemani akasema ni ya Yahaya, yaani mimi. Nimeyachukua kwa utani, yeye hayadai, na amekwisha kupiga mengine ishirini. Wazee wakapiga makofi. Ngollo akasema hawezi kuvunja utani mbele ya wazee. Nibaki chuoni, ila Selemani anisimamie shambani muhula mzima.

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilipaza sauti kwamba sihitaji huruma ya Mzaramo. Bibi Apolinaria akatangaza kuwa nimenuna. Faini: jogoo!

Jumanne, 21 Januari

Selemani kanirudishia blanketi, kanipeleka shambani, kanishikisha mpini mahali pake. Nimepiga tuta moja. Halikuporomoka. Alifurahi kuliko mimi. Sijawahi kukasirika namna hii tangu nizaliwe.

Nimekaa nikatafakari nilipokosea, na nimepaona. Nilichagua mtani mbaya. Mtani asiyenuna hana faida. Leo kahamia bweni letu Mgogo mmoja, mpole, msemaji haba. Wagogo nao ni watani wetu, na huyu kwa siku moja tu kapiga matuta saba.