Mtani wa Mzee Kibwana

Jumatatu, 20 Machi 1911

Ndugu yangu Gabrieli, salamu nyingi toka kwangu Paulo. U mzima? Mgongo bado wauma, au reli ya Ngerengere imekwisha kuuvunja? Nakuandikia kidogo kidogo kila siku, kisha nitakupelekea yote. Usimsomee mkeo.

Tumeshuka toka mlimani, matope magotini, kuwatembelea wanyonge wa misheni ya Morogoro. Ni ziara ya Kwaresima. Humu wamo waliotoka utumwani, waliokimbia njaa, na wapagazi waliomalizwa na pombe. Hao wanafunzwa kusuka vikapu ili mikono isahau kibuyu.

Nimeleta mahindi mabichi. Nimeleta na jambo langu. Padre anatafuta mwalimu wa dini kwa kanisa jipya la kwetu. Ni mimi au Dominiko. Dominiko anajua kuimba. Mimi nina kofia nzuri.

Bruda katuambia kuna mzee, Kibwana, kila mwaka anakataa ubatizo, na sasa kifua kimemshika vibaya. Atakayempata huyo, Padre hatamsahau. Nikamwona Dominiko ananyoosha shingo.

Jumanne, 21 Machi

Dominiko kamwimbia mzee asubuhi nzima. Mzee kageukia ukuta. Maskini Dominiko!

Nikaingia mimi. Shikamoo, mzee. Nikamuuliza kwa nini hataki. Akasema humu watu ni wema mno. Alichukuliwa utumwani angali mtoto, hajui ukoo wake, na asiye na ukoo hana mtani. Tangu aletwe hapa anahurumiwa tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtania. Siku ya kufa kwake atafukiwa kimya, kama mbwa.

Gabrieli, wanijua. Ulimi ulitangulia akili. Nikamwambia masikio haya ya popo nayafahamu: ni ya ukoo wa ng'ambo ya mto wetu, watani zetu tangu mababu! Siku zote tunamtafuta aliyeiba mbuzi wa babu, kumbe mwizi kajilaza kwa mapadre anakunywa uji.

Akacheka mpaka akakohoa damu. Bwana nisamehe. Uongo mdogo, roho nzima.

Kakubali ubatizo. Sharti lake: nimzike mimi, kwa desturi ya watani. Nikaapa. Kisha akanivua kofia, akaivaa. Ni haki ya mtani kuchukua.

Jumatano, 22 Machi

Mwizi huyu kanywa uji wangu. Kachukua na koti. Nimesimama mbele ya Padre kama kuku aliyenyonyolewa, Dominiko anajikohoza pembeni.

Tulikuwa tumepatana jina Yosefu. Padre alipouliza, mzee akaninyooshea kidole. Paulo. Hata jina!

Lakini maji yalipomgusa alinishika mkono, nami sikuutoa. Padre alinitazama kwa macho mazuri. Ualimu ni wangu.

Baadaye mzee aliniita karibu. Sauti yake imebaki uzi.

"Paulo, mto wenu siujui, na masikio yangu huyajui. Nimejua toka jana. Wewe nitukane tu."

Nikamwambia afunge mdomo, ananuka beberu. Akatabasamu, akalala na kofia yangu.

Alhamisi, 23 Machi

Amefariki.

Dominiko kanijia kwa upole wa paka. Kasema Padre hataki kabisa mambo ya watani kaburini. Atakayeyafanya asahau ualimu. Nikakata shauri: nitamzika kimya. Mungu anaona moyo, na mzee hasikii tena. Mpango mzuri kabisa.

Tukafika. Mvua. Padre akasoma, akafunga kitabu. Kisha kimya. Kimya kile kile alichokiogopa.

Nikajikuta ndani ya shimo, nimelala chali matopeni, napiga kelele kwamba mwizi huyu wa mbuzi haingii humu mpaka ndugu zake wanipe jogoo. Ndugu walipe!

Hapo ndipo nilipokumbuka. Hana ndugu.

Hakuna aliyesogea. Padre kawa mwekundu kama tofali. Maji yananiingia puani. Mtani hatoki bure, na wa kunitoa hayupo. Nilidhani nitazikwa mimi.

Ndipo Bi Mosi, kipofu mmoja wa misheni anayesuka vikapu, akaja anapapasa ukingo kwa fimbo.

"Mimi dada yake," akasema. "Jogoo sina. Chukua hiki utoke, fisi we, kaka yangu apate kulala."

Kikapu kikaniangukia kifuani, hakijaisha kusukwa. Mpagazi mmoja akasema yeye ni mjomba wake, akatupa tumbaku. Mwingine akabisha: mjomba ni yeye, huyo wa tumbaku ni mlevi tu. Wakagombana nani mkubwa wa ukoo. Kelele, matusi, msiba wa watu! Nikatoka nikilia, Gabrieli, mbele ya Dominiko.

Tumemzika na kofia. Msalaba umeandikwa Paulo.

Ijumaa, 24 Machi

Ualimu kapewa Dominiko. Padre kaniambia taratibu nikaungame. Nimeungama uongo. Ule utani wa kaburini ulikataa kutoka mdomoni.

Bi Mosi kachukua mwavuli wangu. Anasema mtani wa kaka yake ni mtani wake. Nimepanda mlima nikilowa.

Jumapili, 26 Machi

Niko nyumbani. Mke wangu Cecilia kauliza kofia iko wapi. Nimesema kaburini. Hakucheka, akanipa chakula.

Nimekoma, Gabrieli. Uongo basi. Ila kanisa jipya litahitaji mpiga kengele, na Padre humsikiliza sana mpishi wake. Leo alipanda naye kwa misa. Nikamtazama huyo mpishi vizuri. Ana meno ya panya. Nikamwambia meno hayo nayafahamu, ni ya watani zetu wa bondeni. Ameshukuru sana. Ameondoka na viatu vyangu.

Nijibu upesi, ndugu yangu. Unitukane kidogo. Huku tangu nirudi watu wote wananihurumia.