Pakiti ya Unga Imenishtaki Soweto West

Leo nimeaibishwa na pakiti ya unga. Ndiyo, unga wa ugali. Kilo mbili. 

Kwa wasionijua: mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa hapa Soweto West, Kibera. Natembea nyumba kwa nyumba na mizani ya kuning'iniza. Naitundika mlangoni, mtoto anavalishwa ile kaptula ya kupimia, analia, nasoma, naandika kwenye kitabu cha kliniki. Majirani huniita daktari. (Sijawahi kuwakataza.)

Tulipofunzwa kazi tuliambiwa hivi: kila asubuhi, kabla hujamgusa mtoto wa mtu, tundika pakiti ya unga ambayo haijafunguliwa. Ikisoma kilo mbili, nenda kazini. Isiposoma mbili, rekebisha kwanza. Kwa hivyo nyumbani kwangu kuna pakiti ambayo hailiwi.

Jana Jumapili tukaila.

Kikundi chetu cha kina mama kilikuja kwangu kugawana nyama. Nikajifanya mjuaji, nikatoa mizani ya kazi. Nyama tuliipimia kwenye ndoo, na ndoo yenyewe ina kilo moja, basi nikazungusha skrubu ya juu mpaka mshale ukarudi kwenye sifuri, tusije tukagawana ndoo. Wakanipigia makofi! Baadaye ugali ukapungua. Nikaiangalia ile pakiti. Wageni walipoondoka niliosha ndoo, nikapangusa mizani, nikalala. Skrubu sikuikumbuka.

Asubuhi nimetoka bila kujaribu mizani. (Ningejaribu na nini?)

Watoto watano wa kwanza, wote wamepungua. Nikajiambia kuna homa imepita mtaani. Simu ikiharibika inazima. Mizani yangu iliendelea kunipa namba, na mimi naandika, tena kwa kalamu nyekundu.

Nyumba ya sita ni ya Achieng, mama mchanga anayekaanga samaki wa kuuza jioni. Mtoto wake, Tumaini, ana miezi minane. Nimemkuta na mama mkwe wake, amekuja kutoka Kawangware. Huyu mama amekuwa akisema kwamba Achieng anapenda biashara kuliko mtoto, na siku Tumaini akionekana amekonda, atamchukua akamlee mwenyewe.

Nikapima. Mwezi uliopita, kilo nane. Leo, saba na robo.

"Amepungua," nikasema.

Laiti ningeishia hapo! Lakini mama mkwe alikuwa akinitazama kwa heshima, nikanogewa.

"Achieng, huyu mtoto anakula kweli? Uji unampa, ama unakunywa wewe?"

"Madam, anakula! Ananyonya, uji anakunywa, hata visamaki vya omena namsagia!"

"Mizani haidanganyi." (Nilisema hivyo. Kwa sauti.)

Mama mkwe hakubishana. Alianza kutia nguo za Tumaini kwenye mfuko. "Si nilisema? Daktari mwenyewe ameona. Mjukuu wangu, twende Kawangware."

Achieng alikaa chini pale mlangoni, akashika mguu wa mwanawe. Machozi yalikuwa yanamtoka tu, bila kelele. Majirani walikuwa wameshajaa. Niliona vibaya lakini nikanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Halafu akainuka, akaingia ndani, akatoka na pakiti ya unga ya kilo mbili ambayo haijafunguliwa.

"Pima hii."

"Achieng, si lazima..."

"Madam, pima."

Nikatundika. Mshale ukapanda, ukasimama. Kilo moja.

Jirani wa mlango wa pili akapaza sauti: "Eish! Na hii unga nayo, nani amekuwa akiinyima uji?"

Watu walicheka mpaka wakashikilia mabati! Hata Tumaini alicheka, na yeye hajui kilo ni nini. Mimi niliinua macho, nikaona skrubu, nikakumbuka ndoo.

Nikarekebisha mbele ya wote, jasho likinitoka, huku nikiungama habari ya Jumapili. Unga: mbili. Tumaini: nane na robo. Ameongezeka! Mama mkwe alizitoa zile nguo mfukoni moja moja, akazikunja upya. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia Achieng. Mimi alinipa mgongo.

Nami nikaomba msamaha. Achieng akanigeukia.

"Madam, umesema nakunywa uji wa mtoto. Mbele ya mathe wa bwanangu."

Nikainama, nikaanza kukunja kaptula ya kupimia. 

Nilipokuwa nikifunga mkoba, akanitilia ile pakiti ndani. "Enda nayo. Lakini usipike."

Nimerudi zile nyumba tano, moja baada ya nyingine, kupima upya na kuomba radhi. (Mama mmoja alikuwa ameshamfukuza yaya. Ilibidi twende kumtafuta yaya pia.)

Sasa pakiti ya Achieng iko juu ya kabati, nimeiandika jina lake kwa kalamu nyekundu. Tafadhali msinicheke. Na Jumapili msije kwangu, ugali hakuna.