Waya Ndani ya Koti

Jumatatu, 4 Agosti 2008. Gitega.
Jumapili Dada Theodosia, mwimbaji wa kwaya yetu, anaenda kuimba kwenye jubilei ya parokia moja ya Muyinga. Anahitaji mpiga kinanda mmoja. Tuko wawili: mi na Fredi. Fredi hajawahi kutoka Gitega, na anasoma noti. Mi nilijifunza kwa masikio, katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Mwaka mzima tangu turudi, kwaya inaniita "yule wa Tanzania". Nikipiga Muyinga wataniita Fabiano. Nataka hilo tu.

Mwalimu wetu, Maman Imelda, kasema vidole vyangu vyepesi ila sijui kusindikiza. Ati nafika mwisho wa wimbo Theodosia bado yuko njiani. Si akaze mwendo?

Jumanne, 5 Agosti.
Maman kauliza kama nikimsindikiza mgeni huwa namtangulia. Mgeni akisimama, unasimama. Basi na mwimbaji vilevile. Akanituma nimsindikize baba mkwe wake, Mzee Simoni, hadi kwenye kituo cha baiskeli za abiria wa Mutaho. Mzee anasalimia kila mlango! Habari za mke, za mbuzi, za maharage. Mlango wa nne nikachoka, nikatangulia. Nikamngoja barabarani nusu saa. Alipofika akauliza kati yetu nani alikuwa mgeni.

Nimemwambia Maman nilifika mpaka mwisho. Si uongo.

Ijumaa, 8 Agosti.
Kachaguliwa Fredi. Mi nitabeba kinanda. Maman anasema huko nako ni kusindikiza. Nimelia kidogo, halafu nikapata akili. Kinanda hiki hakitumii betri. Bila waya wa umeme ni ubao tu. Waya utasafiri ndani ya koti langu. Fredi atahangaika mbele ya watu, atakimbia kwa aibu, mi nitauchomoa mfukoni na kuketi.

Jumamosi, 9 Agosti. Muyinga.
Mungu yupo! Fredi alishikwa na homa ndani ya basi. Tulipofika Gashoho alikuwa anatetemeka, tukamwacha kwa shangazi yake, Paskazia. Nikamvisha koti langu mwenyewe. Theodosia akasema nina roho nzuri. Nikakubali. Kesho napiga mi.

Jumapili, 10 Agosti.
Koti. Waya. Gashoho.

Nilikumbuka wakati padri ameshatutangaza na kanisa limejaa. Nikaketi, nikabonyeza hivyo hivyo. Zikasikika kucha zangu tu. Theodosia aliningoja kidogo, akaanza peke yake, polepole. Wimbo ni wa kurudi nyumbani. Katikati ya ubeti akasimama. Na mi kimya, ningefanya nini? Akavuta pumzi, akaendelea. Akina mama wa mbele wakafuta macho. Nakiri, na mi nilifuta.

Baadaye akawaambia watu kwamba huyu anaitwa Fabiano, na kwamba leo kwa mara ya kwanza kasindikizwa kweli.

Jumatatu, 11 Agosti. Gitega.
Habari imefika kabla yangu. Kwaya nzima inaniita Fabiano. Maman Imelda kanishika mkono, akasema hatimaye nimejua kungoja. Nikaitikia. Jumapili ijayo nampigia Theodosia tena, hapa hapa.

Fredi kapona, karudisha koti. Waya umo, hata mfukoni hakuangalia. Nimewaza sana: ikiwa bila sauti niliwaliza vile, je, na sauti? Nassoro wa dukani ataniazima spika mbili kubwa. Jioni hii nimeupiga wimbo mara sita. Nimeshaupunguza dakika nzima.