Manjano ya Alasiri

Jumatatu, 3 Machi

Dada anakuja Jumamosi kumchukua mama. Amesema kwenye simu, kwa ile sauti yake ya mwalimu mkuu, kwamba kwake kuna bustani na chumba chenye choo chake. Kwangu kuna nini? Mama ana miezi minne hapa, nyumba yake ilishauzwa, na bado anakaa sebuleni mwangu kama mgonjwa anayesubiri daktari. Akiondoka nitabaki na kuta.

Nimepata wazo! Nitapaka sebule rangi ya sebule yetu ya zamani. Manjano ya dhahabu. Naiona hivi hivi: alasiri, mimi na dada tumelala mkekani, ukuta mzima unawaka, mama anashona chumba cha pili. Mama atajiona yuko kwake na hatatoka tena. Akili ninazo, jamani.

Jumanne, 4 Machi

Muuza rangi ana manjano ya kila aina. Nikamwambia nataka manjano ya alasiri. Akaniuliza kama nimekula. Mwishowe nikafumba macho, nikachagua kwa moyo. Mama nimempeleka kwa shangazi hadi Jumamosi, nimshtukize. Mke wangu akauliza kwa nini nisimwulize mama mwenyewe ilikuwa rangi gani. Swali gani hilo!

Alhamisi, 6 Machi

Rangi imekauka, imekuwa kiini cha yai bovu. Nikaongeza nyeupe, ikawa maziwa. Nikaongeza manjano, yai likarudi. Fundi rangi wa jirani alichungulia dirishani, akasema ukuta haukupigwa msasa, utabanduka. Wivu tu. Nimepaka mara tatu, na mlango pia.

Saa kumi jua likapiga ukutani. Nikakaa sakafuni, nikaisikia kabisa cherehani ya mama. Nililia. Mke wangu nilimwambia ni harufu ya rangi.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kafika, kampitia mama kwa shangazi, gari inanguruma nje. Mama akaingia, akasimama katikati. Nikasema, hii hapa sebule yetu. Mama akauliza ipi. Dada akaangua kicheko mpaka akashika mlango, na mlango haujakauka.

Sebule yetu ilikuwa nyeupe! Nyeupe pe, kama hii yangu hadi juzi. La manjano lilikuwa pazia. Mama alilifunga kila alasiri atulaze, jua likapenya humo. Na si kila siku alikuwa anashona, akasema. Siku nyingine aliendesha cherehani tupu ili tudhani yuko kazini, kumbe amekaa mlangoni anatutazama tulivyolala. Dada akaacha kucheka. Tukatazama ukuta wote watatu, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kisha mama akapitisha ukucha ukutani, kipande kizima kikabanduka. Akavua viatu. Akamwambia dada atangulie tu, yeye hawezi kumwacha mwanawe na balaa hili. Atakwenda ukuta ukirudi mweupe.

Jumapili, 9 Machi

Tangu asubuhi mama yuko juu ya stuli na kisu cha siagi. Anakwangua, ananifokea, anaimba. Sijamwona hivi tangu aje. Anasema kazi ni ya wiki mbili. Wiki mbili tu! Mke wangu anasema nimwambie mama kwamba nataka abaki, ni neno moja, limekwisha. Mke wangu hajui mipango. Nimeshanunua kopo la kijani. Mama akienda kuoga, naanza jikoni.